Siku Moja ya Mkataba

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaonitumia ujumbe kuhusu uigizaji wa Marekani huanza na swali lilelile: kiingilio cha chama ni kiasi gani? Nawajibu kwamba hela ndiyo sehemu nyepesi. Chama cha waigizaji wa filamu na televisheni cha huko, SAG-AFTRA, hakimpokei mtu kwa sababu ana fedha mkononi, wala kwa sababu amesomea fani, wala kwa sababu ana kipaji cha kuliza watu. Kinampokea aliyekwisha kufanya kazi chini ya mkataba wake. Studio kubwa nazo zimefungwa na mkataba huohuo kuwapa kazi wanachama kwanza. Mgeni akifika anakuta mlango ambao ufunguo wake uko ndani.

Mimi niliukuta mlango huo Georgia. Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikafikia kwa shemeji yangu Marietta, kaskazini ya Atlanta, mji ambao ukiingia duka la vyakula vya Kiafrika siku ya Jumamosi utadhani uko Nakuru. Dar es Salaam nilikuwa nimeigiza na kikundi kimoja cha Kinondoni, kule ambako kujiunga ni kujaza fomu, kutoa kiingilio na kumwamkia mwenyekiti vizuri, na ujira wa siku ni nauli na sahani ya wali. Marietta nilibeba boksi kama wenzangu wote: kwanza ghalani, baadaye zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Hakuna aliyenidokeza kwamba nimeangukia katikati ya kiwanda cha filamu.

Georgia ilikuwa imejenga kiwanda hicho kwa njia ya kodi. Sheria ya mwaka 2008 iliwapa watayarishaji nafuu ya asilimia 20 ya matumizi yao ndani ya jimbo, na asilimia 10 zaidi wakiweka nembo ya jimbo, lile tunda la pichi, mwishoni mwa filamu. Mwaka 2010 ikaanza The Walking Dead. Mwaka 2014 zikafunguliwa studio za Pinewood kule Fayetteville, na mwaka uliofuata Tyler Perry akanunua sehemu kubwa ya iliyokuwa kambi ya jeshi ya Fort McPherson akaigeuza studio. Watengenezaji hao wote walihitaji watu wa kujaza mitaa, mahakama, viwanja vya ndege na misiba, na watu wa zamu za usiku kama sisi tulikuwa na mchana wa kuuza.

Ekstra ni yule anayepita nyuma ya nyota akiwa ameshika kikombe cha kahawa kisicho na kahawa. Nafasi zilitangazwa Facebook jioni. Ulituma picha, urefu, saizi ya viatu na rangi ya gari lako, na ukibahatika uliambiwa ufike saa kumi na moja alfajiri kwenye maegesho ya kanisa fulani, basi likuchukue hadi eneo la kupigia picha. Malipo yalikuwa karibu na kima cha chini cha mshahara. Tulikula baada ya waigizaji na mafundi kumaliza. Nimecheza mgonjwa, mfungwa, balozi, mwombolezaji na, zaidi ya yote, msafiri anayesubiri ndege. Sijutii. Pale nilijifunza kwamba ukishika mwavuli kwa mkono wa kushoto mara ya kwanza, utaushika kwa mkono huohuo mpaka jua lizame, kwa sababu yuko mtu mwenye daftari ambaye kazi yake ni kukumbuka mkono wako. Nilijifunza pia kunyamaza. Asiyejua kunyamaza kwenye seti haitwi tena, awe na kipaji cha namna gani.

Aliyenieleza ukweli wa hesabu alikuwa mama mmoja mwenyeji wa Atlanta, ekstra wa siku nyingi, aliyekuja kazini na kiti chake cha kukunja na sweta ya kufuma. Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi bila kuitwa.

"Mwanangu," aliniambia, macho kwenye sindano zake, "hapa unapata pesa ya mafuta na hadithi za kuwasimulia watu kwenu. Kadi ya chama huipati kwa kupita nyuma ya watu. Hapa kwetu ni mpaka useme neno."

Alikuwa sahihi kabisa, na wapo watu waliokwisha kufanya kazi hii miaka mingi wasiolijua jambo hilo. Mkataba wa SAG-AFTRA kwa ekstra hautumiki nchi nzima. Unatumika katika kanda zilizotajwa: Los Angeles, San Diego, San Francisco, Sacramento, Las Vegas, Hawaii, na New York pamoja na eneo kubwa linaloizunguka. Georgia haimo, ingawa imejaa studio. Ekstra wa Los Angeles anaweza kuingia chamani kwa siku tatu za kazi, ilimradi awe amelipwa siku hizo kwa kiwango kamili cha ekstra wa chama. Siku zenyewe si lazima zifuatane, wala ziwe za filamu moja. Ekstra wa Atlanta anaweza kufanya siku tatu, mia tatu au elfu tatu, na mbele ya chama akawa bado hajaanza.

Karatasi ya siku moja kati ya zile tatu huitwa vocha, na ukikaa na waigizaji wachanga wa Los Angeles utasikia habari ya vocha kama unavyosikia habari ya kodi ya nyumba. Dada mmoja wa Mombasa, niliyefahamiana naye kwenye harusi ya jamaa zetu, alipita njia hiyo. Alijiandikisha Central Casting, kampuni ya Burbank inayotafutia studio ekstra tangu mwaka 1925, akaanza kupangiwa kazi kama mtu asiye mwanachama. Akanieleza siri ambayo haikuwa siri. Mkataba unamlazimu mtayarishaji kujaza nafasi za kwanza za ekstra kwa masharti ya chama. Tangu makubaliano ya 2023 ni nafasi 25 kwenye kipindi cha televisheni na 85 kwenye filamu ya sinema. Baada ya hapo yuko huru kuchukua yeyote. Sasa asubuhi mwanachama mmoja anapasukiwa gurudumu barabarani, mwingine mtoto anaumwa, na nafasi za chama zinabaki wazi. Mwongozaji msaidizi hana muda wa kutafuta. Anamtazama aliye karibu, aliyevaa vizuri, asiyelalamika, anampa vocha ya chama.

"Mimi si mzuri kuwashinda wale wasichana," dada huyu huniambia akicheka. "Mimi nilikuwa nafika mapema, na nguo tatu za kubadilisha nimeziweka tayari begini. Basi."

Aliwahi kufuatwa kwenye maegesho na mtu aliyetaka kumuuzia vocha. Alikataa kwa sababu ya dini yake, lakini hata kwa hesabu tupu alifanya vizuri. Chama hakitazami karatasi peke yake. Kinatazama mshahara uliopita kwenye kampuni ya malipo, pamoja na makato yake, kwa jina lako na namba yako ya hifadhi ya jamii. Vocha ya magendo haina mshahara nyuma yake.

Ipo njia ya tatu ambayo haikunihusu, nayo ni ya wanachama wa vyama ndugu: Equity ya waigizaji wa jukwaani Marekani, ACTRA ya Kanada, na vyama vya waimbaji wa opera na wasanii wa majukwaa mengine. Ukiwa umelipa ada ya chama chako mwaka mzima, na umefanya kazi angalau mara moja kama mwigizaji mkuu chini ya mkataba wa chama hicho, unaruhusiwa kuvuka. Mswahili wa Toronto aijue njia hiyo kabla hajafikiria kuhamia Los Angeles kuwinda vocha.

Mimi nilibaki na njia ya yule mama wa sweta: kusema neno.

Hapa inabidi niitaje sheria moja ya Marekani ambayo kila mwigizaji anaijua kwa jina hata kama hajawahi kuisoma. Inaitwa Taft-Hartley, kwa majina ya wabunge wawili walioipeleka, na ilipitishwa Juni 1947 licha ya Rais Truman kuikataa. Ilitungwa kuvipunguza nguvu vyama vya wafanyakazi. Iliharamisha utaratibu wa mwajiri kuajiri wanachama peke yao. Asiye mwanachama akipewa kazi, hawezi kulazimishwa kujiunga mpaka siku 30 zipite. Kwa waigizaji sheria hiyo imeacha upenyo. Mtayarishaji akimhitaji mtu asiye mwanachama kwa sababu inayoeleweka, anamwajiri, kisha anakiandikia chama taarifa ndani ya siku 15 akieleza kwa nini alimchukua huyo akawaacha maelfu ya wanachama wasio na kazi. Sababu isipokubalika, anatozwa faini. Ikikubalika, mgeni huyo anaandikwa kwenye orodha ya wanaostahili. Siku moja tu ya kusema inatosha.

Je, sababu gani hukubalika? Fomu yenyewe inazitaja: mtu maarufu anayecheza nafsi yake, kundi linalojulikana kama bendi au timu, mwanajeshi halisi pamoja na vifaa vyake, ekstra aliyepewa maneno ambayo hayakuwa kwenye skripti, mtu mwenye ujuzi usiopatikana kwa urahisi. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilijiuliza nina ujuzi gani ambao hauko Hollywood. Sijui kupanda farasi wala kuruka kutoka kwenye paa.

Mwezi wa kumi mwaka 2022 rafiki yangu wa Bukavu, anayekaa Clarkston, mji mdogo wa mashariki ya Atlanta ambao umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, alinipigia simu. Kuna watu wa televisheni wanatafuta wanaosema Kiswahili. Ekstra, malipo ya kawaida, siku moja. Nilitoka zamu ya usiku nikaenda bila kulala.

Tukio lilikuwa kwenye ukumbi wa kupokelea wageni hospitalini. Tulipangwa kwenye viti kama familia moja kubwa iliyopotelewa na mtu: Wakongo, Warundi, Mkenya mmoja wa Kisii, na mimi. Kazi yetu ilikuwa kuzungumza sisi kwa sisi kwa sauti ya chini, huku nyota wa tamthilia, aliyecheza daktari, akipita. Skripti ilikuwa na sentensi mbili za Kiswahili ambazo mwigizaji mmoja aliyetoka Los Angeles alipaswa kumjibu daktari. Alikuwa mwanachama mwenye kazi nzuri, ila Kiswahili kile kilikuwa cha mashine, na mdomoni mwake kilizidi kuharibika. Wakongo walianza kucheka kwa pumzi. Waliporudia mara kadhaa, dairekta akasimama akauliza kuna tatizo gani kwenye viti.

Hakuna aliyejibu, maana ekstra hajibu. Kisha mwanamke mwenye daftari, yule wa kukumbuka mikono, akanigeukia akaniuliza kwa adabu kama maneno yako sawa. Nikamwambia mtu aliyefiwa asingesema hivyo, nikamwambia angesema vipi. Dairekta akasikia. Wakashauriana pembeni kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko ulivyokuwa. Yule mwigizaji wa Los Angeles akabakishiwa maneno yake ya Kiingereza, na jibu la Kiswahili nikapewa mimi, kaka wa marehemu.

Nililisema. Tulilirudia kwa pembe nyingi za kamera, na kila mara moyo ulidunda upya. Mwongozaji msaidizi wa pili akaja na karatasi tofauti na zile za asubuhi, na mara hii alikuwa amejua jina langu. Nilikuwa nimepandishwa. Malipo ya ekstra ya siku hiyo yalifutwa. Kima cha chini cha mwigizaji wa siku moja kwa wakati ule kilikuwa dola 1,082, na juu yake yakaja mchango wa pensheni na bima, na haki ya malipo ya marudio kila kipindi kinapouzwa tena. Chakula cha mchana nilikula kwenye hema jingine.

Rafiki yangu wa Bukavu aliningojea kwenye basi. "Yaya," akasema, "weye umesema maneno mbili. Miye nimesema siku muzima!"

Na kweli alikuwa amesema siku nzima, kwa sauti ya chini, vizuri kuliko mimi. Alilipwa kama ekstra na mbele ya chama hana rekodi yoyote. Mfumo huu hauna haki ya namna tunayoipenda. Unapima jambo moja: je, ulisema maneno uliyopewa useme, chini ya mkataba? Msomali Barkhad Abdi aliitikia usaili wa wazi huko Minneapolis pamoja na mamia ya Wasomali wenzake, akapata kuwa nahodha wa maharamia katika Captain Phillips ya mwaka 2013, hadi akateuliwa kuwania Oscar. Wengi waliokwenda naye siku ile walirudi makwao. Sidhani kama wote walikuwa wabaya kuliko yeye.

Nilidhani habari imekwisha. Miezi ikapita, kipindi kikarushwa, mama yangu akakitazama Dar es Salaam kwenye simu ya binamu yangu, nami nikapiga simu chamani kujua hali yangu. Unatoa namba ya hifadhi ya jamii na wanakutafuta. Hawakuniona. Ofisi ya utayarishaji ilikuwa imefunga hesabu na watu wake wametawanyika kwenye kazi nyingine, maana tamthilia ikimalizika ofisi nayo hufa. Taarifa yangu ama haikutumwa ama ilipotelea njiani. Kilichoniokoa ni tabia niliyotoka nayo nyumbani, ya kutotupa karatasi yenye jina langu. Nilikuwa na nakala ya mkataba na hati ya mshahara iliyoonyesha jina la utayarishaji, tarehe na kiwango cha chama. Nilivituma vyote viwili, na jina langu likaingizwa. Najua mtu wa Atlanta aliyewahi kusema neno kama mimi, naye anaamini kwamba anastahili, lakini hana hata picha ya mkataba wake. Bado anatafuta namba ya simu ya kampuni ambayo haipo.

Sasa nilistahili. Wengi hapa hukimbia kulipa, na mimi nawaambia wakae kwanza. Kiingilio cha kitaifa ni dola 3,000, ingawa baadhi ya majimbo hutoza pungufu; halafu ada ya kila mwaka, halafu asilimia 1.575 ya mapato yako ya kazi za chama. Hizo ni hela. Gharama kubwa zaidi ni kanuni ya kwanza ya chama, inayomkataza mwanachama kufanya kazi yoyote isiyo na mkataba wa chama, na tangu 2002 inatekelezwa dunia nzima. Matangazo madogo ya maduka ya magari, filamu za vijana wenye kamera moja, video za mafunzo ya hospitali, vyote hivyo vinavyomlisha mwigizaji mchanga wa Atlanta, unaviacha siku unapopata kadi. Mwenye mistari miwili kwenye wasifu wake akijiunga, anajitupa kwenye kinyang'anyiro kimoja na watu waliofanya kazi hii miaka 30.

Los Angeles na New York hazikupi nafasi ya kufikiri sana. Siku 30 za kwanza zikipita, kazi inayofuata ya chama huipati mpaka ulipe. Georgia ni tofauti. Sheria ileile ya Taft-Hartley iliruhusu kila jimbo kukataza kulazimishwa kujiunga, na Georgia ilifanya hivyo mwaka huohuo wa 1947. Hapa mtu anaweza kufanya kazi za chama miaka yote, akalipwa viwango vya chama, asitoe hata senti. Wapo wanaofanya hivyo na wanalala usingizi. Wapo pia wanaojiunga, kisha wakarudi nyuma na kuchagua kulipa sehemu tu ya ada ili wawe huru kufanya kazi za nje. Hao wanapoteza uanachama na haki ya kupiga kura, na wenzao huwatazama kwa jicho la pembeni.

Niliendelea kukaa kwenye orodha ya wanaostahili. Wakati huo nilipata usumbufu ambao kila mgeni atakutana nao: kampuni moja ya mjini iliniita ofisini, ikanisifu, ikaniambia picha zangu hazifai na kwamba ina mpiga picha wake, na baada ya picha kuna mafunzo yatakayonipa kadi kwa haraka. Nilitoka. Hakuna mafunzo yanayotoa kadi ya SAG-AFTRA. Wakala wa kweli hula asilimia 10 ya ulichokwisha kulipwa. California imeharamisha kabisa kuwatoza wasanii ada ya mbele kwa ahadi ya kuwatafutia kazi, kwa sheria ya mwaka 2009. Vivyo hivyo, chama hakitoi viza wala kibali cha kazi. Mwigizaji aliye Dar es Salaam au Kampala akitaka kuingia kwa viza ya wenye vipaji vya pekee, mtayarishaji ndiye anayeomba, na chama huombwa barua ya maoni tu. Anayeuza kadi ya chama pamoja na viza kwa bei moja ni tapeli.

Kilichobadili msimamo wangu ni mgomo. Tarehe 14 Julai 2023 waigizaji waliweka kazi chini, wiki kadhaa baada ya waandishi wa skripti, na hawakurudi mpaka tarehe 9 Novemba, siku 118. Chama kilitangaza kwamba asiye mwanachama atakayefanya kazi iliyogomewa hatapokelewa baadaye. Ile orodha niliyoingia kwa sentensi mbili ningeweza kuipoteza kwa siku moja ya tamaa. Nilikwenda kwenye mikutano ya Atlanta nikitoka zamu, nikakutana tena na watu wa maegesho ya kanisa, na nikasikia ekstra wakieleza walivyoingizwa kwenye chumba cha kamera wakapimwa mwili mzima, bila kuambiwa picha hizo zitatumika wapi. Mkataba uliopatikana ulidai ridhaa na malipo kabla ya nakala ya kidijitali ya mtu kutumika, ekstra wakiwemo. Uliwapandishia ekstra wa chama malipo kwa asilimia 11, kutoka dola 187 hadi 208 kwa siku, na waigizaji wengine asilimia 7.

Nilijiuliza zile dola 1,082 nilizolipwa mwaka uliotangulia zilitoka wapi. Zilitoka kwa watu wa 1933, waliounda Screen Actors Guild studio zilipowakata mishahara nusu wakati wa mdororo wa uchumi. Kwa waliogoma 1960 chini ya Ronald Reagan, kabla hajawa rais wa nchi, wakapata pensheni, bima na malipo ya filamu zinazorudi kwenye televisheni. Na kwa waliounganisha chama hicho na AFTRA, kilichoanzia redioni mwaka 1937, Machi 2012. Nilikuwa nimekula chakula chao. Nikapata kazi ya pili ya kusema, nikalipa kiingilio mwaka 2024. Bima ya afya ya chama sijaifikia: mwaka wa mgomo ilihitaji mapato ya dola 26,470 kwa mwaka kutoka kazi za chama, na wanachama walio wengi hawafiki. Zamu za usiku ninaendelea nazo.

Desemba ya mwaka 2024 nilikwenda nyumbani. Mwenzangu wa kikundi cha Kinondoni, sasa ni dairekta, alikuwa anapiga filamu Bagamoyo na akaniwekea nafasi ya mjomba mkorofi, siku tatu tu. Nikamweleza kwamba siwezi mpaka utayarishaji wake utie saini mkataba wa chama, na kwamba kanuni hiyo inanifuata hadi Bagamoyo.

Alinitazama kwa muda. "Kaka, yaani chama cha Wamarekani kinakukataza kuigiza na mimi hapa kwetu?"

Ndivyo ilivyo. Nilimsaidia kukagua skripti bila malipo, tukala samaki pamoja, lakini mjomba mkorofi akachezwa na mtu mwingine, tena kwa ufundi mzuri. Anayeniuliza ajiunge lini namsimulia habari hiyo kwanza, kisha namuuliza kazi zake za mwaka uliopita zilikuwa za upande gani. Kama nyingi si za chama, akae kwenye orodha.

Na ninyi mnaokaa Clarkston, Minneapolis, Toronto au popote Kiswahili kinapotafutwa na watu wa kamera, nendeni mkiitwa, hata kama ni kwa kazi ya kukaa kwenye kiti. Mkipewa neno la kusema, ombeni mkataba mpya kabla ya kupanda basi la kurudi, someni kama umetajwa humo mkataba wa SAG-AFTRA, pigeni picha kila ukurasa, na baada ya mwezi mmoja pigeni simu chamani kuuliza kama jina lenu limefika.